Rangi imebanduka, droo imegoma, kiti kinacheza: chunguza kwanza kabla hujanunua kopo lingine

Kabati langu la kwanza nililolipaka mwenyewe lilinichukua wikiendi mbili kulimaliza na siku nne kuharibika. Lilikuwa kabati la vyombo, nimepewa na mama mdogo wa Nyegezi, hapa Mwanza, alipokuwa anahama, zito balaa, nikalipiga nyeupe pale kibarazani nikalipiga na picha nikawatumia watu, afu siku ya nne naamka naona madoa ya rangi ya chai milangoni kama kuna mtu kamwaga kitu kwa ndani. Nikanunua kopo lingine nikapaka juu. Yakarudi. Nikanunua la tatu. Ile hela ningempa fundi seremala angenifanyia kazi ya maana na chenji ingebaki.

Toka siku hiyo fanicha ikinigomea sigusi brashi mpaka nijue imegoma kwa nini. Maana unachokiona kwa macho kinaweza kuwa kimoja, tuseme rangi inabanduka, lakini vyanzo viko vitatu vinne, na dawa ya chanzo hiki ukiipeleka kwenye kile unazidi kuharibu. Kwahiyo hapa nimepanga kwa dalili, kile unachokiona, afu tunarudi nyuma kutafuta kilichosababisha. Soma inayokuhusu, zingine ruka, sitakasirika.

RANGI INABANDUKA VIPANDE VIPANDE

Hii ndo inaongoza. Usianze kukwangua kwanza. Chukua ncha ya kisu nyanyua kipande kimoja taratibu, kigeuze, angalia mgongo wake, maana mgongo wa kipande ndo unaotoa siri.

Mgongo ukiwa laini unang'aa, na pale kilipotoka unaiona vanishi ya zamani nayo inang'aa kama kawaida, basi rangi yako haikushika kabisa, ilikuwa imekaa juu tu kama utando kwenye maziwa. Hukupiga msasa, au ulipiga ule wa kupapasa dakika mbili ukachoka. Mgongo ukiwa na unga unga, ulipiga msasa vizuri tu lakini hukufuta vumbi. Ukiwa unateleza ukiusugua kwa kidole, hayo ni mafuta, na kwa makabati ya jikoni hii ni kawaida sana kwa sababu sisi tunakaanga sato karibu kila siku na ule mvuke wa mafuta unapanda unatulia juu ya milango miaka na miaka. Na kama kipande kimekuja na rangi ya zamani imeganda nyuma yake, rangi yako mpya haina kosa, ya chini ndo imeachia, kwahiyo hata upake ya dhahabu juu yake itadondoka nayo.

Kuna kipimo kingine cha kujua rangi ya zamani ni ya maji au ya mafuta, maana ya maji juu ya ile ya mafuta inayong'aa bila praima (ile rangi ya kwanza ya kushikisha) ni ugomvi mtupu. Chovya pamba kwenye spiriti sugua sehemu isiyoonekana kama dakika moja hivi. Pamba ikichukua rangi na pale pakalainika, ni ya maji. Isipochukua kitu, hesabu ni ya mafuta.

Kurekebisha: kwangua kilicholegea, osha na maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, acha ikauke kweli sio ya kudanganyana, piga msasa namba 120 afu malizia na 220. Watu wengi wanadhani lazima utoe vanishi yote mpaka mbao ibaki uchi, hapana, unatakiwa uue ule mng'ao tu, ukipitisha kiganja uone pamekwaruza kidogo sawasawa pote. Futa vumbi na kitambaa chenye unyevu kidogo, piga praima, afu ndo rangi. Na kama ni fanicha ya zamani sana huijui historia yake, piga msasa wa kulowesha na maji na uvae barakoa, watoto wakae mbali, rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi na lile vumbi sio la kuchezea.

Ukiona vishimo vidogo vya duara, rangi inakimbia katikati inaacha doa tupu, mimi naviita macho ya dagaa, hiyo ni polishi ya kupuliza. Zile polishi za kung'arisha fanicha nyingi zina silikoni na rangi haipatani nayo hata kidogo. Futa na tina (ile ya kuzimulia rangi), ukibadilisha kitambaa kila mara, ukitumia kile kile unahamisha tu silikoni kutoka huku kwenda kule.

MALENGELENGE

Toboa moja na sindano uone ndani kuna nini. Ukikuta mbao tupu, maji yalikuwa ndani ya mbao yakatafuta njia ya kutoka. Ukikuta rangi chini ya rangi, ni joto au ile ya juu haikushika. Na joto la hapa kwetu ni la kuheshimu, Mwanza iko kama nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, jua la saa saba linaupiga uso wa meza ikiwa bado mbichi, juu panaganda chini bado maji maji, zile hewa zitapitia wapi. Paka kivulini, asubuhi umande ukishaondoka, au jioni. Mimi nimekoma kupaka uani mchana hata kama kuna wingu.

Malengelenge yenyewe hayarudishwi chini. Subiri yakauke, kwangua, msasa, anza upya sehemu ile.

MADOA YA RANGI YA CHAI YANAPENYA

Turudi kwenye kabati la mama mdogo sasa. Lilikuwa la mninga. Aliyewahi kuona mninga unakatwa porini anajua ule mti unatoa utomvu mwekundu kabisa kama damu, sasa kile kitu kinachoipa mbao rangi yake kikikutana na maji kinayeyuka kinapanda. Rangi ya maji unayopaka ndo inakibeba mpaka juu. Kwahiyo nilivyokuwa naongeza mkono wa pili na wa tatu wa rangi ile ile nilikuwa nakiongezea maji afu nashangaa.

Dawa sio rangi zaidi, dawa ni kuziba. Shelaki, ile inayoyeyushwa kwenye spiriti, ndo kiboko, mikono miwili na inakauka haraka. Ukiikosa madukani basi praima ya mafuta, uiache siku nzima, angalia kama doa limepenya, likipenya piga tena, na usipake rangi mpaka praima ikae nyeupe bila doa usiku mzima.

Kipimo kabla hujaanza: tafuta sehemu ya ndani ambayo haina vanishi, bandika kitambaa cheupe kilicholoa maji, kiache robo saa. Kikitoka na rangi ya kahawia ujue hiyo mbao itakutesa.

Mbao za paini ni kesi ya jamaa yake. Paini nyingi tunazonunua zimesafiri kutoka huko Sao Hill, Mufindi, na pale kwenye vifundo kuna utomvu kama gundi. Unapaka kitanda cha mtoto cheupe kinapendeza, baada ya wiki kadhaa kila kifundo kimechora duara la njano. Ziba vifundo vyenyewe na shelaki kwanza, huna haja ya kuziba kitanda kizima.

Alafu kuna ile mbao ambayo mtu aliipaka oili chafu ya gari ili mchwa wasiile. Hiyo mimi nimeshindwa. Nimesugua na tina, nimeosha, nimeziba, oili inatoka tu. Ifanye ya nje, iweke chini ya ndoo za maji, usihangaike.

Na nikwambie ukweli wangu ambao sio kila mtu ataupenda: mninga usiupake nyeupe. Najua picha za huko mtandaoni zinavutia, zile nyumba zote nyeupe na kijivu, lakini wenzetu wale mara nyingi wanapaka paini na mbao za kuungaunga ambazo hata zisipopakwa hazina sura. Wewe una mninga au mkongo unauficha kwa rangi ya kopo. Sugua, piga klia, ile vanishi isiyo na rangi, basi.

RANGI HAIKAUKI, INANATA

Kwanza jiulize ulichanganya na nini. Rangi ya mafuta wengi wanaizimua na mafuta ya taa kwa sababu ni rahisi kupata, na mafuta ya taa yanaruka polepole mno, siku ya tatu ukiweka kiganja kinaacha alama. Tumia tapentaini au tina inayoandikwa kwenye kopo lenyewe, soma kopo jamani.

Pili, ulipaka nene? Rangi ya mafuta inakauka kwa kuvuta hewa kuanzia juu kwenda chini, ukiimwaga nene juu inafanya ngozi na chini inabaki uji. Ukibonyeza kwa kidole gumba na kukizungusha kidogo, ngozi ikikunjamana kama ya maziwa yaliyochemka, ndo hiyo. Hapo hakuna ujanja, kwangua. Mikono miwili myepesi inashinda mkono mmoja mzito, na kati ya mkono na mkono mpe siku nzima.

Tatu, hali ya hewa. Masika ya Machi mpaka Mei na zile mvua za vuli za kuanzia Oktoba, hewa imejaa maji, rangi iliyokauka kwa saa 16 mwezi wa saba inaweza kuchukua siku mbili. Fungua madirisha, weka feni ipulizie chumba (sio ipulizie fanicha moja kwa moja, utaibandika vumbi), subiri. Usiitoe juani ili "iwahi", umeshasoma habari za malengelenge hapo juu.

Kunata kwa aina nyingine: shelfu uliyoipaka rangi ya maji ya ukutani, imekauka vizuri, lakini ukiweka sufuria au vitabu baada ya wiki vinang'ang'ania vikitoka vinatoka na rangi. Ile rangi ya ukutani haikutengenezwa kubeba vitu. Piga klia ya maji juu yake au siku nyingine nunua ya mbao, na hata ikikauka mkononi ipe kama wiki 3 au 4 kabla ya kuitwisha mizigo, maana kukauka na kukomaa ni vitu viwili.

VANISHI IMEKUWA NYEUPE KAMA PUMZI KWENYE KIOO

Hii inawapata sana wanaotumia ile klia ya kupuliza inayokauka ndani ya dakika chache. Tina inaruka kwa kasi, ikiruka inapoza uso wa mbao, na hewa ikiwa na unyevu mwingi unageuka matone ya maji pale pale yanabaki ndani ya klia. Ukipuliza asubuhi baada ya mvua ya usiku, na si mnajua mvua za ziwani zinavyopenda kuja usiku na alfajiri, unaipata bila kukosa.

Nzuri ni kwamba hii inarekebishika. Subiri siku kavu, saa nne saa tano hivi jua limetoka, pulizia tina peke yake nyepesi sana juu yake, klia inalainika inaachia maji inarudi angavu. Madukani pia kuna tina ya kukausha taratibu, iulizie. Ila kama weupe uko chini ya mikono mitatu ya klia, hapo utasugua tu.

Doa jeupe la duara ulipoweka kikombe cha chai ya moto ni ndugu yake huyu huyu, unyevu umeingia kwenye vanishi. Likiwa jeusi, maji yameshafika kwenye mbao, msasa unakuhusu.

WADUDU WA ZIWANI WAMEGANDA KWENYE KLIA

Watu wa bara hawaelewi, wa hapa mnanielewa. Kuna siku vile vijidudu vinapanda kutoka ziwani kama moshi, ukiwa Kirumba au Bwiru unaviona vimesimama juu ya maji kama nguzo, jioni vinafuata taa. Mimi nilishapaka meza ya kahawa kibarazani Kitangiri, nikaacha taa inawaka ili nione vizuri, nikaingia kula. Narudi meza ina manyoya.

Usivitoe ikiwa mbichi!! Kila ukikidonoa kimoja unaacha shimo na alama ya kucha. Acha ikauke kabisa, hata kama roho inauma, kesho yake piga msasa namba 320 kwa mkono mwepesi, vinatoka vyote na miguu yao, futa, piga mkono mwingine mwembamba. Na jioni zima taa ya nje. Mara nyingi vinatoka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo, kwahiyo kama ni kazi ya maana tupia jicho kalenda, wenzetu wavuvi wa dagaa mwezi ndo unawapangia kazi zao zote na sisi wa brashi hatupungukiwi kitu kuwaiga.

DROO INAGOMA

Inagoma mwaka mzima au masika tu? Hilo ndo swali. Ikiwa masika tu, mbao imevimba kwa unyevu, inavimba upande wa upana zaidi, urefu haubadiliki sana. Usichukue randa! Ukiikwangua mwezi wa nne, mwezi wa nane itakuwa inacheza kama jino la mtoto. Toa droo, sugua mshumaa au kipande cha sabuni kavu kwenye njia zake, rudisha. Kiangazi kikija ukikuta bado inakwaruza, hapo randa kidogo pale pale penye alama ya kung'aa, na ukishamaliza paka klia sehemu uliyokwangua, maana mbao tupu ndo inayokunywa unyevu.

Ikiwa mwaka mzima, angalia chini ya droo kama kibao kimelegea kwa mzigo, mara nyingi ni hicho. Kirudishie misumari midogo na gundi.

Chipubodi na MDF, zile mbao za unga uliobanwa na gundi, zikivimba kwa maji hazirudi. Hamna dawa. Kata, badilisha kipande, kinachofuata ziba kingo zake na gundi nyeupe iliyozimuliwa kabla ya kupaka. Basi.

KITI KINACHEZA

Kabla ya yote hamisha kiti upande mwingine wa chumba. Usicheke, nimeshaitwa na dada mmoja jirani kurekebisha viti vinne vya meza kumbe sakafu ndo ina mgongo. Kikicheza kila mahali, weka mkono mmoja kwenye kiungo mwingine tikisa mguu, utasikia kinachosogea. Viungo vikiwa vigumu vyote lakini kiti bado kinayumba, mguu mmoja ni mfupi, chomeka kadibodi mpaka kitulie, unene wa ile kadibodi ndo kipande cha kubandika chini ya mguu mfupi. Usianze kukata ile mirefu, utakata huku utakata kule mwisho utakalia kigoda.

Kiungo kikiwa kimelegea, najua unachotaka kufanya, unataka kupiga msumari. Msumari unashika miezi miwili afu unapasua mbao na hapo hata fundi atakulaani. Na kudondoshea gundi mpya pale pale bila kufungua haisaidii, gundi nyeupe inashika kwa kuingia kwenye vinyweleo vya mbao na vile vinyweleo vimeshazibwa na gundi ya zamani. Kifungue. Gonga na nyundo ukiwa umeweka kibao katikati, kikigoma weka kitambaa cha maji ya moto na siki kwenye kiungo, gundi nyeupe inalainika. Kwangua gundi yote ya zamani pande zote mbili, acha mbao ikauke, kama ulimi wa mguu umekuwa mwembamba uzungushie ule ubanzi mwembamba unaotoka kwenye randa ukiwa umepakwa gundi, paka gundi, rudisha.

Sasa kubana. Vibanio vya chuma vya kununua ni bei, mimi natumia tyubu ya baiskeli. Nenda kwa fundi baiskeli mwambie akupe tyubu iliyochoka, ikate mkanda mrefu, zungushia miguu yote minne ukivuta kwa nguvu, funga, inabana kuliko hivyo vya chuma na haiachi alama. Simamisha kiti sehemu tambarare, weka tofali juu, acha saa 24. Mtoto asikalie. Mjomba asikalie.

UNGA MWEPESI CHINI YA KITANDA

Kama unaona unga laini kama wa muhogo na vitundu vidogo vya duara, huyo ni bungua. Kama unaona udongo udongo, vinjia vya tope kutoka sakafuni, huyo ni mchwa, na dawa yake inaanzia kwenye nyumba sio kwenye kitanda, ukitibu kitanda peke yake anahamia kwenye fremu ya mlango.

Bungua kwanza hakikisha yuko hai, maana vitundu vinaweza kuwa vya miaka kumi. Fagia, tandika karatasi nyeupe chini, subiri wiki moja. Unga mpya ukianguka na vitundu vina rangi mpya ya mbao ndani, anakula. Piga dawa ya wadudu wa mbao kwa bomba la sindano ndani ya vitundu kimoja kimoja, rudia baada ya wiki kadhaa, ziba na puti, afu paka klia pande zote hata zile zisizoonekana, yani chini na nyuma, kwa sababu mama bungua anatafuta mbao tupu ya kutagia. Mafuta ya taa peke yake wanayoshauriana watu hayafiki kule ndani aliko, unabaki na kitanda kinachonuka na bungua wako.

Kwa wanaotengeneza meza na vitanda vya paleti, zile mbao za kupangia mizigo, kabla hujabeba tafuta muhuri uliochomwa pembeni. Ukiona HT, mbao ilipashwa joto, inatakiwa ndani kabisa ifike nyuzi 56 kwa dakika 30, hiyo chukua. Ukiona MB ilipigwa gesi ya sumu, iache huko huko hata kama ni ya bure. Isiyo na muhuri kabisa mimi siingizi chumbani.

SOFA IMEZAMA

Toa mto wa kukalia, uweke sakafuni, ukalie. Ukigusa sakafu, sponji imekufa. Ukikaa vizuri tu, basi sponji ni nzima na kilichokufa ni belti au springi za chini. Kipimo cha dakika moja, na nimeona watu wananunua sponji mpya ya bei mbaya wanaiweka juu ya belti zilizokatika, baada ya wiki wako pale pale.

Belti: geuza sofa miguu juu, fungua kile kitambaa cheusi cha chini, ng'oa za zamani, funga mpya ukizivuta kwa nguvu na kuzisuka za kwenda na za kukatiza kama mkeka. Ukiwa huna hela mwezi huu weka plaiwudi chini ya mito, inasaidia japo utakaa kama upo kwenye benchi la dispensari. Sponji ukikata mpya, izidishe sentimita 1 au 2 kila upande kuliko foronya yake, ndo mto unajaa, ukiikata sawasawa mikunjo inaanza siku hiyo hiyo.

Na mtu akikuambia velveti uliyomnunulia dukani imechanganywa rangi mbili, mto mmoja umeiva zaidi ya mwingine, usiende kugombana na muuza kitambaa kwanza. Pitisha kiganja. Velveti ina manyoya yanayolala upande mmoja, kipande kimoja kimekatwa kichwa chini. Geuza mto kama unageuzika, umemaliza kesi.

STIKA NA RANGI ZA UKUTANI HAZIKAI, MGONGO WA KABATI UNA UKUNGU

Nyumba nyingi za kwetu ziko mlimani kwenye mawe, Mabatini, Igogo, Isamilo huko, ukuta wa nyuma umeegemea mlima wenyewe. Mvua ikinyesha juu maji yanashuka kwenye mawe yanaingia ukutani, na wewe umebandika stika za maua, lazima zidondoke. Lakini sio kila unyevu unatoka ukutani. Kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani na selotepu pande zote nne kisipitishe hewa, kiache siku mbili. Maji yakiwa upande wa ukuta, ukuta ndo unaleta. Yakiwa upande wa chumba, ni hewa yenu ya ndani, mnapika na kuanika nguo ndani na madirisha mmefunga.

Ukuta ukiwa ndo unaleta, hakuna rangi wala stika itakayokuokoa, chimba mtaro nyuma maji yapite pembeni, acha ukuta ukauke, brashi kavu itoe ule unga wa chumvi, afu ndo tuongee mapambo. Ikiwa hewa ya ndani, fungua madirisha. Ukutani pakiwa na chokaa inayoacha weupe kiganjani stika pia haikai, sugua na upige praima.

Fanicha isigusane na ukuta wa namna hiyo. Acha kama upana wa vidole vinne hewa ipite. Ukungu ulioshaota sugua na maji ya sabuni, anika kivulini penye upepo mpaka ikauke kabisa. Jiki kwenye mbao inaondoa rangi ya ukungu juu tu, mizizi inabaki.

Na kwa viti vya chuma, kutu ikitokea juu ya rangi mpya ni kwamba hukuimaliza chini, brashi ya waya mpaka uone chuma, praima nyekundu siku hiyo hiyo usilaze, afu rangi. Watu wanasingizia chumvi ya ziwa, jamani hili ziwa ni maji baridi, chumvi hamna, ni unyevu tu.

Kabati la mama mdogo? Nililikwangua lote. Wiki mbili za msasa 80, 120, 220, nimekohoa vumbi jeupe, nikalikuta na ukungu mgongoni maana nalo nilikuwa nimelibana ukutani, nikalisafisha, nikalipiga klia mikono mitatu mwezi wa nane hewa ikiwa kavu, taa ya kibarazani nimezima. Likatoka ule wekundu wa mninga ambao sikuwahi kuuona hata nilipopewa. Mama mdogo amekuja Pasaka, nimemwamkia, hajaitikia hata shikamoo yangu vizuri, macho yako kwenye kabati, kaniuliza nalitumia kweli lile au angepeleka mtu na guta kulifuata.